Mbwa wawili wazee wasiotengana: ni lazima wachukuliwe wote?

#1 Mwenye_Uga
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wanaofuga.

Kuna jike na dume kwenye kituo cha kuokoa mbwa, wote wazee. Jike anakadiriwa miaka 11, dume 9. Wana mwili wa kadiri, si wakubwa si wadogo. Walikuwa kwa mzee mmoja aliyefariki, na ndugu zake hawakuwa na nafasi ya kuwalea. Tangazo la kituo liko wazi: wanatoka wote wawili au hawatoki. Mimi nilikuwa nawaza mbwa mmoja tu, mtulivu, aliyekwishapita umri wa kutafuna viatu. Mke wangu ameshawaona, na kwake mjadala umekwisha.

Jike macho yamefifia, ana mtoto wa jicho. Anatembea bega lake likigusa ubavu wa dume. Mhudumu alipomtoa dume ili nimwone peke yake, alilia mlangoni mpaka akarudishwa, na kipande cha nyama alichopewa hakukigusa. Jike yeye alijilaza tu akasubiri.

Hivi kweli mbwa wazee hushikamana kiasi hicho, au ni mazoea ya banda moja yatakayoisha wakipata nyumba? Na aliyewahi kulea wazee wawili kwa mpigo aniambie ukweli, asinifiche.

#2 Bi_Tausi
Wachukue wote, mdogo wangu. Nimelea wazee wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Wawili waliokwisha kuelewana ni kazi nyepesi kuliko mzee mmoja aliyeingia nyumba ngeni bila kiumbe anayemjua. Usiku wa mwanzo hawahangaiki sana, kwa sababu kila mmoja ana harufu anayoijua pembeni yake.

Kuhusu mazoea kuisha: kwa niliowaona mimi hayakuisha, yalilegea. Wakishaiamini nyumba, mmoja anahamia sebuleni, mwenzake anabaki barazani mchana kutwa, jioni wanatafutana.

Ukweli unaoutaka ndio huu: gharama za daktari ni mara mbili, na siku ya kuzika nayo ni mara mbili. Jiulize hilo kabla ya kujiuliza kama wanapendana.

#3 Nyuki_Mkali
Mimi nina mashaka. Vituo navyo vina hesabu zao. Mbwa mzee hukaa bandani muda mrefu kuliko mtoto, basi ukimfunga na mwenzake unaondoa wawili kwa saini moja. Niliwahi kuambiwa "hawa hawatengani" kuhusu mbwa waliokutanishwa bandani muda mfupi tu uliopita.

#4 Shungi
Nyuki, hesabu hiyo inakwenda kinyume. Kituo chenye haraka kinawatenganisha, maana anayetaka mbwa mmoja ni rahisi kumpata kuliko anayetaka wazee wawili. Sharti hilo linawachelewesha wao wenyewe.

Ila uko sahihi kwamba sifa hiyo hutolewa kirahisi. Mleta uzi aulize walipimwa vipi. Kituo makini huwatenganisha kwa saa kadhaa, kisha usiku mzima, kikaangalia nani anakula, nani analala, nani anakwaruza mlango. Kumtoa dume kidogo mbele ya mgeni hakujathibitisha kitu.

#5 Kifaru_Mpole
Mwaka mmoja wa mbwa ni miaka 7 ya binadamu. Huyo jike ni bibi wa miaka 77 na dume ni mzee wa 63. Kwa nini mtu ajitwishe wagonjwa wawili wakati watoto wa mbwa wamejaa?

#6 Tabibu_wa_Wanyama
Kifaru, kanuni ya 7 haina mashiko. Mbwa hukomaa upesi mno mwanzoni, kisha kasi inapungua. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walilinganisha alama za kikemikali kwenye vinasaba vya mbwa wa aina ya Labrador na vya binadamu, wakapata mstari unaopanda ghafla halafu unalala. Kwa hesabu yao mbwa wa miaka 9 anakaribia mtu wa 66, na wa 11 anakaribia wa 69. Yaani hawa wawili wamekaribiana umri kuliko inavyoonekana. Na hiyo ni Labrador. Mbwa wadogo huishi zaidi, yale majitu makubwa huitwa wazee wakiwa na miaka 6 au 7.

Uzee si ugonjwa. Mwambie kila mtu nyumbani hilo. Ila uzee unaficha magonjwa, nitarudi kwenye vipimo nikipata nafasi.

#7 Kifaru_Mpole
Nimepokea, daktari. Swali langu la kwa nini asichukue mtoto wa mbwa halijajibiwa lakini.

#8 Bi_Tausi
Nalijibu mimi, Kifaru. Mzee unamwona alivyo. Ukubwa wake unaujua, tabia yake imekaa, unajua kama anawapenda watoto au hawataki. Mtoto wa mbwa unapewa fumbo. Na hao watoto wana watu wanaowagombania, huyu jike hana.

#9 Msomaji_wa_Usiku
Kuna utafiti wa mwaka 1996 unaogusa swali hili moja kwa moja, nashangaa hautajwi mara nyingi. Walichukua mbwa wa miaka 7 hadi 9 waliokaa wawili wawili kwenye banda moja tangu wakiwa wadogo. Mmoja alipoondolewa kwa saa nne na mwenzake akabaki kwenye banda lao la kila siku, yule aliyebaki hakuonyesha mabadiliko ya maana, si kwa mwenendo wala kwa homoni za msongo. Kisha wakawapeleka mahali pageni. Huko homoni zilipanda hata kama mwenzake wa banda alikuwa naye. Kilichowatuliza ni kuwa na mtu, yule mhudumu wao waliyemzoea.

Kwa hiyo mshikamano wa mbwa na mbwa, hata wa miaka yote hiyo, hauna nguvu tunayoudhania. Mbwa mzee anamhitaji binadamu kuliko anavyomhitaji mbwa mwenzake.

#10 Nyuki_Mkali
Ndicho ninachosema tangu juu.

#11 Dada_Rehani
Msomaji, asante, ila soma tena post ya kwanza. Mtu wao amefariki. Wale wa utafiti walikuwa na mhudumu wao akiwa hai, na walilelewa bandani. Hawa walikaa nyumbani kwa mtu, wakampoteza mtu, wakapoteza nyumba, wakaingia banda geni lenye kelele za mbwa wengine. Katika vitu vyote vya maisha yao ya zamani kimebaki kimoja: yule aliye pembeni. Ukikiondoa hicho unawapima kwa namna nyingine kabisa.

#12 Msomaji_wa_Usiku
Hoja nzuri, dada. Lakini basi jibu lake linakuwa kwamba kinachowashikanisha ni msiba, na msiba hupungua. Mpe kila mmoja mtu wake, uone.

#13 Dada_Rehani
Utampimia nani hivyo? Jike wa miaka 11 asiyeona vizuri? Ukikosea, muda wa kusahihisha hana.

#14 Fundi_Mbao
Naona wote mmeruka jambo. Mleta uzi kasema aliyelia ni dume, na asiyeona vizuri ni jike, ambaye alijilaza akasubiri. Kwa kawaida watu hudhani kipofu ndiye atakayepotea bila kiongozi wake. Hapa kiongozi ndiye aliyechanganyikiwa.

Nilikuwa na wawili kama hao, jike kiziwi na dume mzima. Jike alikuwa akimtazama dume masikio yakisimama, naye anajua kuna mtu getini. Wote tukasema dume ni masikio ya jike. Dume alipokufa, jike alijifunza upya: akawa analala mahali anapohisi mtikisiko wa mlango, na akaanza kunitazama mimi. Aliishi vizuri. Sijui kama angekufa yeye kwanza dume angefanya hivyo, maana dume ndiye alikuwa na kazi.

#15 Shungi
Fundi, hilo la "kazi" limenigusa. Ila liko jina jingine kwa dume anayelia mlangoni na kukataa nyama: hofu ya kuachwa. Huenda hamwogopei jike hata kidogo. Huenda angelia hivyo hivyo kama angeachwa na kiti alichozoea. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa hatulii kwa sababu ya kuwa na mbwa mwenzake, mara nyingi anamtaka mtu. Na wakichukuliwa wote bila kulishughulikia, siku jike anapokwenda kwa daktari dume atavunja mlango.

#16 Kapu_la_Mama
Mimi niliwahi kushauriwa nisichukue wawili wa tumbo moja kwa sababu wanaharibikiwa, wanapigana na hawamsikilizi mtu. Je, hawa si hatari hiyo hiyo?

#17 Tabibu_wa_Wanyama
Kapu la Mama, hiyo ni habari ya watoto wawili wanaolelewa pamoja bila kupewa muda wa peke yao na mtu. Hata huko si ugonjwa wenye vipimo vilivyokubalika, ni maelezo ya wakufunzi, na wengine wanayapinga. Kwa wazee waliokwisha kuishi pamoja miaka, kama wangekuwa wa kupigana tungekuwa tumeshaona makovu. Na mleta uzi hajasema ni ndugu. Jike ana miaka 11 na dume 9.

Sasa vipimo. Mkuu, kabla ya saini omba damu na mkojo kwa wote wawili. Figo hupoteza uwezo mwingi kabla mbwa hajaonyesha chochote zaidi ya kunywa maji kwa wingi. Omba kinywa kikaguliwe, mbwa ana meno 42 na kwa mzee aliyetelekezwa huwa kuna yaliyooza. Uliza kama jike amefungwa kizazi. Kama hajafungwa, usaha kwenye kizazi ni hatari ya kweli kwa majike wazee na huua haraka. Uliza anavyoinuka asubuhi, hapo ndipo baridi yabisi inaonekana.

Dawa za maumivu mtoe hofu, zipo nzuri, ila ziandikwe na daktari baada ya kuona damu. Ibuprofen na paracetamol za kabatini msiwape. Nimeona mbwa wakipoteza figo kwa huruma ya mwenye nyumba.

Na hili linahusu mjadala wenu: mbwa mzee anayemganda mwenzake ghafla anaweza kuwa ana maumivu, au hasikii tena, au ubongo unachakaa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2001, asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na angalau dalili moja ya kuchakaa huko, na kwa wa miaka 15 hadi 16 ikafika asilimia 68. Wanasahau njia za nyumba, wanageuza usiku kuwa mchana, wanabadilika kwa watu wao. Kabla ya kuita mapenzi, mpimeni.

#18 Bi_Tausi
Daktari, yote sawa. Lakini mbwa anayeumwa akamchagua mwenzake wa kumwegemea, hayo nayo si mapenzi?

#19 Tabibu_wa_Wanyama
Yanaweza kuwa, mama. Ila nikimtibu maumivu nitajua zaidi.

#20 Kifaru_Mpole
Mbwa hawaombolezi jamani. Akifa mmoja, mwingine anaangalia bakuli lililobaki.

#21 Msomaji_wa_Usiku
Kifaru, hapo nakupinga, ingawa niko upande wa wenye mashaka. Mwaka 2022 watafiti wa Italia waliwauliza wafugaji 426 waliowahi kufiwa na mbwa mmoja huku mwingine akibaki. Asilimia 86 waliona mabadiliko mabaya kwa aliyebaki: kutaka kubembelezwa zaidi, kucheza kidogo, kulegea, kulala sana, kuogopa, kula kidogo. Kwa karibu robo yao hali ilizidi miezi 6. La kushangaza, urefu wa muda waliokaa pamoja haukuleta tofauti. Kilichohesabika ni walikuwa na uhusiano gani, wa kirafiki au wa mzazi na mtoto, na kama walikuwa wakila pamoja.

#22 Nyuki_Mkali
Walioulizwa ni wenye mbwa, si mbwa. Mtu aliyefiwa anaona kilio kila pembe. Tena utafiti huo huo uliona kuwa hali ya mwenye mbwa ilihusiana na hali ya mbwa.

#23 Msomaji_wa_Usiku
Kweli. Na haiwezi kujulikana nani alimwambukiza mwenzake.

#24 Chandarua
Naleta kisa cha upande wa pili, msinipige. Nilimchukua dume mzee ambaye "hakutengana" na jike mmoja. Jike alikwenda kwa familia nyingine kwa sababu dume alikuwa akimnyima chakula na kumzuia njiani. Bandani walionekana pacha. Kila mtu aliwaona wamelala pamoja akafurahi, hakuna aliyeona kwamba jike hakuwa na pa kwenda. Walipoachana, jike alinenepa na dume wangu akawa mpole. Kwa hiyo mkuu, waangalie wakati wa kula, si wakati wa kulala.

#25 Dada_Rehani
Hii ndiyo post bora ya uzi huu. Bega kugusa ubavu linaweza kuwa uongozi, linaweza kuwa kuzuiwa. Angalia nani anasogea kwa nani.

#26 Fundi_Mbao
Niseme ya ufundi kidogo kabla hatujasahau kwamba wanakuja kuishi mahali. Sakafu ya vigae humtesa mzee, miguu ya nyuma inateleza, naye anaanza kuogopa kutembea, watu wanasema amekuwa mvivu. Tandaza mikeka isiyoteleza kutoka anapolala mpaka kwenye maji na mpaka mlangoni. Jike msihamishie samani. Asiyeona hutembea kwa ramani aliyonayo kichwani, na kiti kilichosogezwa ni ukuta mpya. Kama kuna ngazi mbili tatu, weka ubao wenye mteremko, upigilie zulia juu.

Bakuli mbili, pande mbili za chumba. Malazi mawili hata kama watalalia moja.

#27 Kapu_la_Mama
Fundi na sisi utuwekee picha ya huo ubao, umetuchelewesha. Hata paka wangu angeutaka.

#28 Shungi
Naongezea kwa Fundi: watembezwe pamoja, lakini mara moja kwa siku kila mmoja na mtu wake, dume upande huu, jike upande ule, kidogo tu. Mwanzo wabaki wanaonana. Hiyo ndiyo dawa ya siku atakapobaki mmoja. Anza mapema, usisubiri msiba.

#29 Bi_Tausi
Hapo sikubaliani na wewe mwanangu, si mapema. Waache kwanza waione nyumba. Ile kanuni ya siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona nyumbani, wanayoisema vituoni, si sayansi, lakini roho yake ni sahihi: siku za mwanzo usiwadai chochote. Wamefiwa juzi, wamehama, halafu unawaanzishia masomo ya kutengana?

#30 Shungi
Mama nakuheshimu, lakini dume anayekataa nyama kwa kutolewa mlangoni tu, kila siku ya kungoja inampa mazoea zaidi. Sisemi saa nzima. Nasema mlango ufungwe, ufunguliwe.

#31 Mwenye_Uga
Shukrani nyote, nimesoma kila post, na mke wangu amesoma mara mbili zile zinazokubaliana naye.

Nilirudi kituoni na maswali yenu. Hawakuwahi kuwapima kwa kuwatenganisha, Shungi. Lakini imetokea mara moja bila kupangwa: jike aling'olewa meno akalala kwa daktari. Dume jioni ile hakula. Asubuhi mhudumu mmoja, yule anayewalisha siku zote, aliingia akakaa naye sakafuni, ndipo akala kwenye kiganja chake, akamaliza. Jike aliporudi, dume alimnusa kisha akamngurumia, akahamia kona nyingine. Walikuja kulala pamoja tena kesho yake.

Na wakati wa kula nimewaangalia, Chandarua. Dume anamaliza kwanza, anasimama mbali, anamngoja. Hamsogelei.

#32 Msomaji_wa_Usiku
Alikula akiwa na mtu. Kama wale wa 1996.

#33 Dada_Rehani
Hakula mpaka mtu alipokuja kukaa pale pa jike. Mimi nasoma hivyo.

#34 Nyuki_Mkali
Na alimngurumia aliporudi. Kipenzi gani hicho?

#35 Tabibu_wa_Wanyama
Hilo la kunguruma msilipe uzito. Mbwa aliyetoka kwangu ananuka dawa na harufu za wanyama wengine, anatembea vibaya kwa nusu kaputi, na kwa pua ya mwenzake ni mgeni mwenye sura ya mtu wa nyumbani. Siku nyingine wakutanisheni nje, watembee kidogo upande mmoja, ndipo waingie ndani.

#36 Fundi_Mbao
Na jike kwa daktari alikula?

#37 Mwenye_Uga
Alikula, mkuu. Chakula laini, sahani nzima, na akalala usiku kucha.

#38 Fundi_Mbao
Basi dume ndiye anayemhitaji jike, na si kinyume chake. Nyote mnaobishana kama "wanapendana" mnahesabu kitu kimoja, kumbe viko viwili na havilingani.

#39 Bi_Tausi
Au jike ni mkubwa kwa umri, amefiwa mara nyingi, amejifunza kusubiri. Mngoje arudi asimkute dume, ndipo useme hamhitaji.

#40 Mwenye_Uga
Tunakwenda Jumamosi, tumeomba fomu za wote wawili. Daktari, kama jike alipewa nusu kaputi, damu yake si ilishapimwa? Au nianze upya?

#41 Tabibu_wa_Wanyama
Kwa mzee wa umri huo daktari makini hupima figo na ini kabla ya kumlaza. Omba nakala ya majibu hayo, na tarehe yake. Kama ni ya karibuni usirudie damu ya jike, chukua mkojo tu, wa asubuhi, kabla hajanywa maji. Dume mpime vyote. Kwa dume hujatuambia hata jambo moja la afya yake, mkuu. Uzi mzima tumezungumzia analia au halii.